Pointi Tano za Unywele

Pale karakana hakuna aliyekuwa na kipara cha kung'aa kama chake, na bado walimwita Unywele. Jina halikuanzia kichwani. Lilianzia mdomoni mwake mwenyewe, kwa sababu kila fundi aliyeleta kazi iliyozidi au kupungua kidogo aliambiwa, "Umekosea kwa unene wa unywele, na unywele kwenye chuma ni gogo." Mafundi nao hawana dogo. Wakamrudishia unywele wake, akaupokea kwa kuwa hakuwa na mwingine.

Alikuwa mkaguzi wa vipimo. Chumba chake kilikuwa mwisho wa karakana, mlango wa kioo, dirisha linalotazama ukuta ili jua lisiingie, na katikati meza nzito ya jiwe lililosawazishwa. Kwenye kabati kulikuwa na kalipa tatu za dijiti, zile zinazobana kitu kwa taya na kuandika unene wake kwenye kioo kidogo, maikromita ndani ya sanduku lake, na vipande vya chuma vya kusahihishia vipimo, ambavyo unene wake haubishaniwi na ambavyo havikuruhusiwa kushikwa kwa vidole vitupu, maana jasho hula chuma. Sheria zake zilikuwa nyingi kuliko za mama mkwe. Kalipa hailali droo moja na tupa na nyundo. Haiachwi juu ya mashine inayotetemeka. Ikishatumika hupanguswa kwa kitambaa laini, hupakwa mafuta mepesi kidogo sana, kisha hulazwa kwenye kisanduku chake taya zikiwa zimeachana kidogo, kwa sababu ukizifunga kabisa joto likibadilika zitasukumana. Inayokaa muda mrefu bila kazi hutolewa betri, isije ikavujia tumboni. Kuna fundi aliwahi kutumia kalipa kufungulia kopo la rangi. Kisa hicho Unywele alikisimulia kwa sauti ambayo watu wengine huiweka kwa ajili ya msiba.

Jambo ambalo hakumsimulia mtu ni kwamba vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi. Havikufa kwa mkupuo. Mwanzoni ilikuwa kama vimevaa soksi, halafu kidole gumba kikanyamaza kabisa. Siku moja alichukua sindano ya mkewe akakidunga. Sindano ikaingia, damu ikatoka, naye akaitazama kama damu ya jirani. Dawa ya hapo ilikuwa kwenda hospitali. Mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo aliijua sana, hata alikuwa amemsomea shemeji yake aliyeficha kikohozi. Lakini mkaguzi wa vipimo asiye na vidole angekuwa nani pale? Alipofika kwenye swali hilo aliliacha. Alikaa akingoja woga uje, akaona hauji. Ganzi ilikuwa imepanda kutoka vidoleni, imeenda kukaa mahali ambapo woga hukaa.

Basi katika hali hiyo ndipo binti yake alipoajiriwa pale pale. Alikuwa kitinda mimba wake, mkerezaji wa chuma aliyetoka chuo cha ufundi, na Unywele hakumwombea kazi. Siku ya usaili alijifungia chumbani kwake akipangusa vitu ambavyo tayari vilikuwa safi. Binti alishinda kwa mikono yake. Akapewa miezi ya majaribio na mashine ya mkerezaji mmoja aliyestaafu, pamoja na kazi ya mkerezaji huyo, pini za pampu za maji.

Pini hizo zilitakiwa ziwe na unene wa milimita ishirini, na ruhusa ilikuwa ya upande mmoja tu. Pale karakana sehemu moja ya mia ya milimita huitwa pointi. Pini ingeweza kupungua hadi pointi tano, ikapita. Ikipungua zaidi ingecheza ndani ya bushi, ile pete ya chuma inayoipokea kwenye pampu. Ikizidi ishirini, ingekataa kuingia. Mafundi wengine walikata vyuma vya fremu na kutoboa mabati, kazi zenye ruhusa ya pointi hamsini, na huko kidole gumba kilichokufa kingeweza kukosea mpaka kistaafu bila mtu kujua. Kazi ya pointi tano ilikuwa ya binti peke yake.

Trei ya kwanza ilipofika, Unywele aliziacha pini juu ya jiwe zipoe, akazipima moja moja. Kioo cha kalipa kikasema zimepungua pointi nane.

"Zimepungua," alisema.

"Baba, kwangu zilisoma pungufu tatu."

"Hapa si nyumbani. Hapa mimi ni mkaguzi."

"Sawa. Mkaguzi, kwangu zilisoma pungufu tatu."

Neno la mwisho lilikuwa la chumba cha vipimo, ndivyo karakana ilivyokuwa inaendeshwa tangu zamani. Trei nzima ikamwagwa kwenye pipa la skrepa. Msimamizi wa karakana, mtu mpole mwenye tabia ya kuelezea kila kitu, alimwambia binti kosa lake bila ukali. "Unazipima zikiwa za moto, mwanangu. Chuma cha moto kimevimba. Kikipoa kinanywea, ndiyo maana huku zinasoma ndogo." Mafundi wakatikisa vichwa, kweli kabisa, vijana wana haraka. Unywele alikuwa amesimama pale. Alijua kwamba joto la mashine lingekula pointi moja, ikizidi sana mbili, haliwezi kula tano. Alijua na hakusema, na wala hakujiuliza kwa nini.

Trei ya pili ikaenda pipani, na ya tatu ikaifuata. Msimamizi akamwita binti pembeni, na kwa upole wake ule ule akamwambia kwamba chuma hakiokotwi, trei nyingine ikiharibika itabidi waagane kwa heri.

Jioni hiyo binti hakula. Alipitiliza chumbani kwake, na ukuta wa nyumba ile ulikuwa mwembamba. Unywele alikuwa sebuleni na mkewe, ambaye alikuwa anapiga pasi.

"Unamsikia mwanao?" mkewe aliuliza.

"Namsikia."

"Halafu?"

"Namsikia, Mama."

Na kweli alikuwa anamsikia. Alisikia kila kwikwi. Zilimfikia kama redio ya nyumba ya tatu, unajua kuna wimbo lakini hujui ni upi. Alijaribu kuumia. Alijikumbusha jinsi mtoto yule alivyojifunza kutembea akishikilia suruali yake. Hakuna kitu kilichosogea.

"Watu husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi," mkewe alisema na kugeuza shati. "Wewe sijui uliambiwa umeokota."

Akamkabidhi pasi aiweke chini, akainuka kwenda kumtazama mtoto. Unywele aliishika pasi vibaya, kidole gumba kikalala juu ya bati la moto, na kilichomwambia ni harufu. Aliitua taratibu. Mkewe aliporudi alikuta amekaa juu ya mkono wake kama mwanafunzi aliyeficha kitu, akamkata jicho, lakini siku hiyo alikuwa na mgonjwa mwingine wa kumhangaikia.

Kesho yake aliwahi kazini kabla ya watu kujaa. Alivaa glavu nyembamba ya pamba mkono wa kushoto, akatoa kile kipande cha milimita ishirini kamili, akakibana kwa kalipa yake ya kila siku. Kioo kikasema pungufu pointi tano. Akapangusa taya, akaifunga, akainua kidole, akabonyeza sifuri, akapima tena. Pungufu tano. Akasema moyoni, kalipa imechoka. Akatoa ya pili, nayo ikasema pungufu tano. Mkono ukaenda kwenye ya tatu, ya akiba, ambayo ilikuwa haijatolewa kwenye kisanduku tangu inunuliwe ila kutolewa betri. Akaitia betri, akapima. Pungufu tano. Kalipa moja huugua, na mbili huenda zilianguka pamoja, lakini tatu haziwezi kuumwa ugonjwa mmoja siku moja. Mgonjwa alikuwa yule aliyezishika.

Aliketi. Ilikuwa wazi mno kiasi cha kuchosha. Kalipa haina breki. Taya husukumwa na kigurudumu kidogo kilicho chini ya kidole gumba, na kidole kizima kikihisi chuma kimegusa chuma husimama. Chake kilikuwa hakijui kwamba kimefika. Kilikuwa kinaendelea kusukuma, taya zinainama kidogo sana, na huko kuinama ndiko kulikokula pointi tano. Maikromita haina shida hiyo, kwa sababu kichwa chake huteleza chenyewe kikishabana vya kutosha, haijali kidole ni cha nani. Lakini yeye ndiye aliyeiita maikromita kifaa cha wasiojua kugusa, miaka nenda miaka rudi, mbele ya watu. Wangemuona ameishika tu, wangeuliza.

Kwa hiyo pini zilizokuwa pipani zilikuwa nzima, zote. Binti yake alikuwa hajakosea hata moja.

Alikata shauri kwamba atasema mchana. Akazipangusa kalipa zote tatu, akazipaka mafuta, akazilaza taya zikiwa zimeachana kidogo, kila moja mahali pake. Mchana ulipofika alikula chakula chake akiwa ameangalia ukuta. Alasiri aliona ni afadhali aseme kesho, msimamizi akiwa hajachoka.

Alasiri hiyo hiyo binti akaleta trei ya nne. Aliiweka juu ya jiwe bila kusema neno, akasimama nyuma, mikono ndani ya aproni. Unywele alizingoja zipoe. Akabana ya kwanza. Pungufu pointi mbili. Ya pili, pungufu mbili. Akapima trei nzima na hakupata hata moja mbaya.

"Zimepita," alisema.

"Ahsante, mkaguzi," binti alijibu, na hakutabasamu.

Hapo ndipo mtu mzima alipojidanganya. Alijiambia kidole kimepona. Aliamini hivyo kama mtu anavyoamini mvua haitanyesha kwa sababu ameanika nguo. Hakukidunga tena na sindano, hakukirudisha kile kipande cha ishirini juu ya meza, akapiga muhuri wa kupita kwenye trei ile na kwenye zote zilizofuata. Msimamizi alimsifu binti mbele ya wenzake, akasema mnaona, kijana akielekezwa anaelekea. Nyumbani binti alikuwa anakula tena, ingawa kidogo. Mkewe akatulia. Kila kitu kikarudi kuwa tambarare, na Unywele alitembea juu yake bila kuhisi nyayo zake.

Tambarare hiyo ilivunjwa na Shangazi. Huyu hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Alikuwa fundi wa chumba cha kuunganisha pampu, mwanamke mwenye mabega na sauti, na karakana yote ilimwita hivyo kwa adabu iliyochanganyika na woga. Aliingia kwenye chumba cha vipimo na trei kiunoni, msimamizi akiwa nyuma yake.

"Jamani, pini zenu mnazilisha nini huku?" alisema. "Zimenenepa! Hazitaki kuingia kwenye bushi hata kwa maombi. Nimejaribu ishirini, zote zimegoma kwenye mlango."

Msimamizi hakujibu mzaha. Alifungua kabati, akatoa maikromita, akaibana pini moja mpaka kichwa kikateleza, krik, krik. Akapima nyingine, na nyingine. "Zimezidi pointi tatu," alisema. "Zote zimezidi tatu. Na trei ina muhuri wako, mzee." Akatuma binti aitwe.

Binti alikuja akifuta mikono. Aliitazama trei, akaitazama maikromita, na kabla hajaulizwa akaanza kusema, haraka, kama mtu aliyeyakariri njiani.

"Ni mimi. Mkaguzi hana kosa. Zile alizopima zilikuwa nzima. Nikishapigiwa muhuri nilikuwa nazibadilisha, naweka hizi."

"Unazibadilisha?" msimamizi alirudia. "Kwa nini mtu afanye hivyo?"

"Nilitaka kumaliza haraka."

Jibu lilikuwa la kijinga na kila mtu alilisikia hivyo, lakini uongo wa mtu anayejishtaki mwenyewe huwa haukaguliwi sana. Uso wa msimamizi ulibadilika. Mtu mpole akikasirika hana pa kuanzia, kwa hiyo aliongea chini sana. "Kukosea kazi nakuelewa. Huku ni kutuibia imani. Vua aproni, mwanangu. Nenda nyumbani, usirudi."

Binti akapeleka mikono mgongoni kufungua fundo.

Unywele alikuwa bado hajasema chochote. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kwa ajili yake, angebaki tu kimya na chumba kingebaki chake. Alichokuwa anakifanya ni hesabu. Zimezidi tatu. Yeye alizisoma pungufu mbili. Kutoka moja hadi nyingine ni tano. Mtoto hakuwa amebadilisha pini yoyote. Alikuwa ameongeza pointi tano kwenye kila pini, kwa makusudi, ili zikifika mkononi kwa baba yake zisome sawa. Alikuwa amekereza chuma kwa kufuata kidole kilichokufa.

"Anadanganya," Unywele alisema.

"Baba, nyamaza," binti alisema, na safari hii hakumwita mkaguzi.

"Anadanganya. Ngojeni."

Alitoa kipande cha milimita ishirini na kalipa yake. Mkono wake haukutetemeka, na angependa utetemeke, walau waone kuna mtu ndani. Akakibana mbele yao, akawageuzia kioo. Pungufu tano. Akampa msimamizi kalipa ile ile. Msimamizi akapima. Ishirini kamili. Shangazi akaichukua kwa vidole vyake vinene vya kufunga nati, akapima, ishirini kamili. Binti hakutaka kuipokea. Unywele akamshikisha kwa nguvu, naye akabana akiwa ameangalia pembeni, na kioo kikasema ishirini kamili.

"Sina vidole," Unywele alisema. "Vimekufa ganzi muda. Mnapojua nyinyi kwamba kimegusa, mimi sijui. Nazidi kusukuma. Pini zake za mwanzo, zile tulizotupa, zilikuwa nzima. Nilijua, nikanyamaza."

Shangazi alitoka, wakamsikia anapekua pipa la skrepa, akarudi na pini kadhaa zenye vumbi la chuma. Akaifuta moja kwenye gauni lake la kazi, akaitia kwenye bushi aliyokuja nayo mfukoni. Ikaingia taratibu mpaka mwisho, akaizungusha, ikazunguka. Akatia ya pili. Ya tatu ilipoingia akaacha.

"Maikromita ilikuwa kabatini," msimamizi alisema hatimaye. "Mzee wangu, ungeitumia hiyo tu. Wala hakuna ambaye angejua."

"Nilijua ilikuwepo."

Msimamizi alikaa juu ya kiti cha Unywele, kitu ambacho hakikuwa kimetokea kabla. Alifikiri, kisha akatoa hukumu bila kumtazama yeyote. Binti afunge aproni yake. Pini zilizozidi zirudi mashineni azipunguze, bahati nzuri kilichozidi hupunguzwa, na za pipani ziokotwe zikaoshwe. Kwa kukereza makosa akijua ni makosa, majaribio yake yataanza upya, na asimshukuru mtu. Mzee aache ufunguo wa kabati mezani, aende hospitali sasa hivi, siyo kesho. Mambo ya kazi yataongelewa daktari akishasema lake.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, Unywele," Shangazi alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. Unywele akamshukuru. Akaweka ufunguo juu ya jiwe.

Binti aliruhusiwa kumsindikiza mpaka getini. Walipita katikati ya mashine, na mafundi wakainamia kazi zao kwa bidii ambayo hawakuwahi kuwa nayo. Nje kulikuwa na jua kali. Walisimama kwenye kivuli cha ukuta wakingoja gari.

"Ulijuaje?" Unywele aliuliza.

"Asubuhi ile nilikuja mapema, nikuombe unifundishe kupima, kama kweli ni mimi ninayekosea. Nikakuona kwa kioo cha mlango. Ulipima kipande kimoja kwa kalipa zote tatu. Halafu ukakaa."

"Ulikuwa mlangoni."

"Nilikuwa mlangoni. Nikasema, sasa amejua, leo atasema. Nikangoja mchana, Baba. Nilikuwa nakuangalia unakula. Ulipomaliza ukaosha mikono ukarudi ndani, ndipo nikaenda kuweka mashine upya."

Unywele alitaka kusema kwamba alikuwa anangoja aogope kwanza, kwamba woga ndio ungemsukuma, na kwamba haukuja. Hayo hayakuwa maneno ya kumwambia mtoto. Kitu kilianza kumbana kifuani, kidogo kidogo, bila kuteleza, na hakikujua mahali pa kusimama. Kiliuma. Aliona aibu, akaona huruma, akamuogopea mtoto huyu na moyo wake, vyote kwa pamoja, baada ya muda wote ule wa kutohisi chochote. Akainamisha kichwa ili binti asimuone anavyolia.

Ndipo alipoona kwamba binti yake amemshika mkono wa kulia, vidole vya mtoto vimepita katikati ya vyake vyote, vimebana mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Hakujua amemshika tangu lini.